Maumivu ya Viungo Yasiyo na Jina: Jinsi ya Kupimwa Mpaka Ujue Unaumwa Nini

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wangu ulijitambulisha kwenye mkasi. Asubuhi moja nilitia vidole kwenye matundu yake, nikataka kukata, mkono ukakataa kufumba. Haukuwa unauma sana. Ulikuwa mgumu tu, kama umelala kwenye gundi. Kufika saa nne ukawa umelainika, nikakata vitambaa vyangu, nikasahau. Kesho yake vilevile. Tangu asubuhi ile mpaka siku nilipotajiwa jina la ugonjwa ilipita miezi 14, na nikiihesabu naona tisa kati yake ilipotea bure. Nilipimwa vitu visivyonihusu. Nilikwenda hospitali siku ambazo vidole vimetulia. Na nilikuwa namjibu daktari "yananiuma tu, huku na huku", kana kwamba hiyo nayo ni habari.

Mimi si daktari, kwa hiyo sitakwambia unaumwa nini wala umeze nini. Ninachoweza ni kukuonyesha njia ambayo ningependa mtu anionyeshe mwezi ule wa kwanza. Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba maabara haitafuti ugonjwa. Maabara inajibu swali iliyoulizwa. Swali likiwa ovyo, jibu litakuwa ovyo, na damu yako imeshatoka.

Yasiyosubiri daftari

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, ukashindwa hata kukisogeza, na hasa kama una homa au unatetemeka, acha kusoma uende hospitali leo. Huenda kuna vijidudu ndani, na gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa, unaweza kuharibika ndani ya siku chache. Usingoje homa kama una kisukari, una kiungo cha bandia, au unatumia dawa za kushusha kinga. Kwa watu hao homa wakati mwingine haitokei kabisa.

Nenda leo pia kama umeanguka na mguu haubebi uzito, kama mtoto ana homa na anachechemea au amekataa kukanyaga, au kama mgongo unauma pamoja na ganzi sehemu za siri na mkojo umegoma au unatoka wenyewe. Na mtu aliyepita miaka 50 mwenye mabega yaliyokakamaa, akianza kuumwa kichwa upya, taya likamuuma akitafuna au jicho likafifia, asilale nyumbani na hali hiyo. Mshipa wa damu wa kichwani ukivimba unaweza kumpofusha.

Mengine yote yana muda wa kujipanga.

Je, ni kiungo kweli?

Daktari aliyenifungua macho alianza na maneno haya: "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja." Nikaonyesha kwa kiganja kizima. Akarudia: "Kidole kimoja." Fanya hivyo mwenyewe nyumbani. Kama kidole kinatua mahali pamoja pembeni ya kiungo, ukipabonyeza unaruka, mara nyingi shida ni kano au kile kifuko kidogo cha maji kilicho kati ya kano na mfupa. Kama kidole kinazunguka kiungo chote bila kupata mahali pa kutua, kiungo chenyewe ndicho kinashukiwa.

Kisha kisogeze mwenyewe. Halafu kilegeze kabisa, mtu mwingine akusogezee taratibu. Kiungo kilichovimba kwa ndani huuma kwa njia zote mbili, kwenda na kurudi. Kano huuma zaidi unapoivuta mwenyewe kwa nguvu zako; mwenzako akikusogezea unapata nafuu. Si sheria ya chuma, kwani bega lililoganda hukataa kwa yeyote, lakini daktari atafurahi ukifika na jibu hilo.

Ujihadhari na nyonga, ina tabia ya kusingizia goti. Kaka yangu alipigwa eksirei ya goti mara tatu, na mara zote tatu goti lilikuwa zima. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuvaa soksi. Hakuweza, kwa sababu nyonga ilikuwa haigeuki tena, na maumivu yalikuwa yanateremka kwa ndani ya paja hadi gotini. Eksirei ya nne ilipigwa mahali pake.

Na ganzi si maumivu ya kiungo. Kama unaamshwa usiku na kuwaka moto kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, unakung'uta mkono ndipo unapata usingizi, mwambie daktari hivyo hivyo. Huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, na huo una vipimo vyake tofauti.

Daftari

Hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu zako, maana hapa ndipo mimi nilipotepeta. Andika kwa wiki mbili au tatu, si zaidi, usije ukageuka mlinzi wa mwili wako mwenyewe.

La kwanza ni dakika za asubuhi. Usiandike "asubuhi vinakaza". Andika saa uliyoamka, na saa ulipoweza kufanya jambo moja ulilolichagua, lilelile kila siku. Mimi nilichagua kufunga vifungo vya blauzi. Ukurasa wangu mmoja unasema: "Nimeamka 12:10. Vifungo 1:45." Hizo ni dakika 95. Viungo vilivyolika kwa uzee na kazi hukakamaa pia, lakini kwa kawaida huachia ndani ya nusu saa, na huuma zaidi jioni baada ya kutumika. Vile vinavyoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe hukakamaa saa nzima na zaidi, na hupata nafuu ukivitumia. Daktari akiona 95 hahitaji hadithi ndefu.

La pili ni viungo vipi hasa. Weka viganja juu ya karatasi, vichore pembezoni, kisha tia alama kwenye kila kifundo kinachouma na duara kwenye kinachovimba. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Mchoro huo unasema mengi. Baridi yabisi, mojawapo ya yale magonjwa ya kinga kushambulia viungo, hupenda vifundo vya mwanzo, vile vya ngumi, na vya kati, mikono yote miwili, na huviacha vile vya karibu na kucha. Ulikaji wa kawaida hupenda vya karibu na kucha na shina la kidole gumba. Jongo mara nyingi hubisha hodi usiku kwenye kidole gumba cha mguu, kwa kishindo, na kufika asubuhi hata shuka huwezi kulivumilia.

La tatu ni uvimbe wenyewe, na hapa nilitumia ufundi wangu. Uvimbe una tabia mbaya ya kutoweka siku ya daktari. Basi nikawa nachukua uzi wa pamba, ule usiovutika, nauzungusha kwenye kifundo cha kati cha kidole cha shahada, naukata pale ncha zinapokutana, naubandika daftarini kwa selotepu na kuandika tarehe. Mara mbili kwa wiki, asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu nikawa na safu ya nyuzi kumi na mbili zimelala sambamba, na za asubuhi zilikuwa ndefu kuliko za jioni kwa milimita tatu hadi nne. Huhitaji kuwa fundi. Picha ya simu, mikono miwili pamoja, mwanga uleule, inatosha. Muhimu upige siku mbaya, si siku uliyokumbuka.

La nne ni kalenda: yalianza lini, na wiki mbili tatu kabla yake kulitokea nini? Homa? Vipele? Kuharisha? Mkojo kuchoma? Safari? Virusi vingi huacha viungo vikiuma na kisha vikaondoka, na ndiyo maana madaktari huupa uzito mstari wa wiki sita: yakipita hapo, virusi vya kawaida vinaanza kupungukiwa na lawama. Chikungunya ni mkaidi, unaweza kudumu miezi. Jina hilo, kama hukujua, ni la Kimakonde, linamaanisha kujikunja, nalo lilipatikana kwenye mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Aliyelitoa alikuwa amemwona mgonjwa anatembea.

Dawa zinazoficha na dawa zinazosababisha

Mwezi wa nne wa kuumwa kwangu nilichomwa sindano kwenye zahanati moja. Sikuuliza ni ya nini. Siku ya pili vidole vililala kimya, nikashona magauni mawili usiku mmoja, nikasema nimepona. Wiki ya tatu vikarudi na deni lao. Balaa ni kwamba miadi yangu ya hospitali iliangukia katikati ya ukimya ule. Daktari alibonyeza, hakuona uvimbe, akaandika kuwa viungo viko sawa. Maandishi hayo yalinifuata miezi mingi.

Siku hizi najua sindano ile yaelekea ilikuwa ya steroidi, ambazo huzima uvimbe kwa muda bila kukuambia uvimbe ni wa nini. Kwa hiyo kabla hujakubali sindano hiyo au vidonge vya prednisoloni, ambavyo navyo ni steroidi, kwa maumivu ambayo hayajapata jina, uliza: "Tumeshaona na kupima vya kutosha, au tunafunika?" Kama umeshaanza kuvinywa kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla kwa ajili ya kipimo, ni hatari, mwambie daktari tu. Dawa za kutuliza kama ibuprofeni na diklofenaki nazo hupunguza uvimbe. Andika ulimeza nini, lini, na ilisaidia kwa saa ngapi. Hata hilo la kusaidia ni taarifa.

Beba dawa zako zote, kwa boksi zake, hata zile unazoona hazihusiki. Dawa ya presha ya kutoa maji mwilini inaweza kupandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huipandisha sana na inaweza kuuma viungo peke yake. Siprofloksasini inaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino. Dawa za kushusha mafuta ya damu huumiza misuli ya baadhi ya watu, nao husema ni viungo. Vidonge vya kuimarisha nywele na kucha vyenye bayotini hupotosha baadhi ya vipimo, kikiwemo cha tezi ya shingo. Na unga wa mitishamba wa kutibu viungo unaofanya kazi haraka mno, utaje pia. Baadhi yake hukutwa umechanganywa na steroidi.

Chumbani

Sema sentensi tatu kisha nyamaza. Zangu, siku nilipofanikiwa, zilikuwa hizi: "Mikono yote miwili imevimba vifundo vya ngumi na vya kati, mwezi wa 11 huu. Asubuhi inanichukua saa moja na nusu kufumba mkono. Goti la kulia limeongezeka wiki iliyopita." Nikaweka daftari mezani.

Kama daktari anaandika vipimo bila kukugusa, mwombe kwa adabu: "Naomba unishike hivi vifundo kwanza." Mkono wa daktari ni kipimo. Wangu alinibana kiganja kwa ubavu, kwenye mstari wa ngumi, kama mtu anayesalimia kwa nguvu mno, nikaruka kitini. Kisha akabonyeza kifundo kimoja kimoja kwa vidole gumba viwili, akitafuta ulaini. Uvimbe wa ndani ya kiungo, alinieleza, hubonyea kama zabibu. Kiungo kilicholika huwa kigumu kama kokoto.

Utaulizwa maswali ambayo yataonekana ya mbali. Macho yamewahi kuwa mekundu na kuumizwa na mwanga? Una mabaka ya magamba kwenye viwiko au kichwani? Akazitazama kucha zangu kwa muda mrefu, nikauliza kulikoni. Akasema ugonjwa wa ngozi wa soriasisi hutoboa kucha vitundu vidogo kama subana, na unaweza kula viungo hata kabla ngozi haijaonyesha lolote. Mfano wa subana niliuelewa upesi kuliko yote. Akaendelea: vidonda vya mdomoni, nywele kukatika, vipele vya jua, mdomo na macho kukauka, vidole kugeuka vyeupe kwenye baridi, mimba kuharibika, kuharisha kwa muda mrefu, usaha au kuchoma sehemu za siri. Hilo la mwisho watu hulificha, hasa wakiwa wameambatana na mwenzi. Omba kuingia peke yako. Maambukizi ya zinaa yanaweza kuwasha goti wiki chache baadaye, na bila kusema utapimwa mpaka uchoke.

Damu

Usinunue kifurushi cha vipimo kwa kuona jina "viungo" limeandikwa juu. Kila kipimo kina watu wazima wa afya ambao kitawasingizia, na ukipima vingi bila sababu, kimojawapo kitakusingizia wewe. Mimi nilisingiziwa na cha asidi ya yuriki. Ilisoma 7.1, nikaambiwa jongo, nikameza dawa za jongo miezi mitatu. Ni kweli fuwele za asidi hiyo huanza kuweza kuganda ikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita, lakini watu wengi wana zaidi ya hapo na hawapati jongo maishani. Halafu nilikuwa na miaka 47 na bado naona siku zangu. Kwa mwanamke wa hali hiyo jongo ni nadra, na jongo linaloanza kwa vidole vya mikono yote miwili kwa ulinganifu ni nadra zaidi. Kinyume chake pia kipo: katikati ya shambulio la kweli la jongo, kipimo hicho kinaweza kusoma kawaida, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki mbili au zaidi za utulivu.

Vya kuanzia kwa kawaida ni picha kamili ya damu, figo, ini, na viwili vya kupima uvimbe: ESR na CRP. ESR ni cha kizamani na nakipenda kwa urahisi wake. Damu inatiwa kwenye bomba jembamba lililosimama wima, inaachwa saa moja, kisha wanasoma chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Basi. Mwilini kukiwa na moto, protini fulani huzigandisha chembe zikapangana kama sahani zilizopandanishwa, zikazama upesi. Kuna hesabu ya haraka ya kikomo chake: mwanamume, umri gawa kwa 2, mwanamke, umri jumlisha 10, kisha gawa kwa 2. Kwangu ilikuwa 28 na nusu. Ilisoma 58. Lakini upungufu wa damu na ujauzito navyo huipandisha. CRP hutengenezwa na ini, hupanda ndani ya saa chache na kushuka ndani ya siku chache, kwa hiyo inasema habari za juzi na jana. Vyote viwili vinaweza kuwa vya kawaida na ugonjwa ukawepo.

Kisha RF, kipimo cha kingamwili ambacho kwenye fomu nyingine huitwa tu kipimo cha baridi yabisi, jina lililonipotezea miezi mitano. Mwezi wa sita ilitoka hasi, nikaambiwa huna baridi yabisi, nenda. Ukweli ni kwamba katika kila wagonjwa kumi wa baridi yabisi, wawili au watatu hawana RF. Na wapo wazee wazima kabisa walio nayo, na watu wenye homa ya ini aina ya C. Mwenzake anaitwa anti-CCP. Huyu ni nadra kumkuta kwa asiye mgonjwa, na anaweza kuwepo kwenye damu miaka kabla ya kidole cha kwanza kuuma. Kwangu RF ilikuwa hasi na anti-CCP ikatoka juu sana. Kama mchoro wako wa viganja unafanana na wangu na umepimwa RF peke yake, uliza kuhusu anti-CCP.

ANA, kipimo kingine cha kingamwili, ndiyo hutisha watu bure. Maabara huizimua damu mara kwa mara na kutazama kingamwili zinaonekana mpaka wapi. Kwenye 1:40, karibu watu watatu katika kumi wenye afya huonekana chanya. Kwenye 1:160 ni kama mmoja katika ishirini. Kwa hiyo "ANA chanya" bila namba si habari, na bila dalili za lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, haifai kupimwa kwa kubahatisha. Faida yake kubwa iko upande wa pili: ikiwa hasi, lupasi inakuwa mbali sana.

Kutegemea hadithi yako, ataongeza homa ya ini B na C, VVU, selimundu, tezi ya shingo, kalsiamu, vitamini D, au feritini kama vifundo vya kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyoumia, maana madini ya chuma yaliyozidi hupenda kukaa hapo. Usiudhike na kipimo cha VVU. Kinafanywa kwa sababu VVU vyenyewe na maambukizi yanayofuatana navyo huumiza viungo.

Maji ya goti

Goti langu la kulia lilipovimba mwezi wa 11 nilidhani mambo yameharibika. Kumbe ndipo yalipotengemaa. Vidole havina maji ya kuvuta kirahisi, goti linayo.

Nililala, likasafishwa, likatiwa ganzi, sindano ikaingia pembeni ya pia ya goti. Nilihisi msukumo, si maumivu. Yalitoka maji ya manjano, mazito kidogo, bomba zima la sindano. Daktari akalishika bomba juu ya fomu yangu iliyochapishwa akasema, "Haya, soma." Herufi zilikuwepo lakini zimefifia, kama unasoma kupitia chai nyepesi iliyotiwa maziwa. Maji ya goti lililolika tu, akasema, unayasoma herufi kwa herufi. Ukungu ni chembe nyeupe.

Maabara ilihesabu 14,000 kwa kila mikrolita. Goti zima halifiki 200. Ikipita 50,000 wanahofia vijidudu, ingawa vijidudu vinaweza kuwepo hata chini ya hapo, ndiyo maana huoteshwa. Yangu hayakuota kitu. Kwenye hadubini ya mwanga uliochujwa hawakuona fuwele za jongo zilizochongoka kama sindano, wala zile fupi za kalsiamu. Sindano moja, na miezi yangu mitatu ya dawa za jongo ikafutwa.

Hivyo, kiungo kikubwa kikijaa maji na sababu haijulikani, uliza kama yanaweza kuvutwa na kupimwa: chembe, fuwele na kuotesha, vyote vitatu. Yapelekwe haraka, na ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Kumwaga maji hayo bila kuyapima ni hasara ambayo huwezi kuirudisha.

Picha

Eksirei ya mapema mara nyingi huwa safi hata ugonjwa ukiwa umewaka, kwa sababu huonyesha mfupa, na mfupa huchelewa kulia. Ipigwe hata hivyo, iwe kumbukumbu ya kulinganisha: mikono yote miwili, na nyayo hata kama haziumi. Ya goti ipigwe umesimama. Ukilala, nafasi iliyobaki kwenye gegedu hudanganya. Ukishapita miaka 50, eksirei nyingi zitasema "ulikaji", na ulikaji huo huenda hauna hatia yoyote katika maumivu yako.

Ultrasaundi ndiyo iliyonishawishi mimi mwenyewe. Kifundo cha mkono ambacho eksirei ilikiita kizima kilionekana kwenye kioo kikiwa na madoa mekundu yanayowakawaka kila moyo unapopiga, damu ikikimbilia kwenye utando wa kiungo. MRI, picha ya sumaku, iachiwe maswali yake: kijana aliyeanza kuumwa mgongo wa chini kabla ya miaka 45, zaidi ya miezi mitatu, anaamshwa usiku wa manane na kupata nafuu akitembea, huyo anaihitaji kwenye maungio ya nyonga na uti, pengine na kipimo cha HLA-B27, jeni ambayo watu wengi wanayo bila kuugua.

Rufaa, na jibu la "bado"

Uvimbe wa kweli uliopita wiki sita, au asubuhi zinazokula zaidi ya nusu saa, unastahili daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, hata kama damu ni safi. Omba rufaa mapema, kwa sababu baridi yabisi ikianza kutibiwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo hudhibitika vizuri zaidi. Mimi nilifika wa 14. Bingwa alichukua kalamu akajumlisha mbele yangu kwa vigezo vya baridi yabisi vya mwaka 2010: viungo vidogo vinne hadi kumi, pointi 3, anti-CCP ya juu, 3, ESR na CRP kupanda, 1, zaidi ya wiki sita, 1. Nane. Sita zinatosha kuita baridi yabisi.

Huenda wewe ukaambiwa "bado hatujui". Ni jibu halali, magonjwa haya mengine hukomaa polepole na mengine huondoka bila kujitambulisha, ila usitoke nalo mikono mitupu. Uliza nini kimeshaondolewa kwenye orodha, nini bado kinashukiwa, na ni dalili gani ikurudishe kabla ya miadi. Chukua nakala ya majibu yote yenye tarehe na viwango vya kawaida vya maabara ile, kwa kuwa maabara hutofautiana. Na uombe namna ya kuonwa siku ya uvimbe bila kungoja zamu. Mimi nilipewa ruhusa ya kuja asubuhi yoyote mkono ukigoma.

Ukipata jina, utatolewa damu tena siku hiyohiyo: ini, figo, homa ya ini B na C, pengine eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu kilicholala, na kipimo cha mimba kama umri unaruhusu. Nilidhani wameanza kutilia shaka jina walilonipa. Wanahakikisha tu kwamba dawa wanayotaka kukupa haitakukuta na kitu kingine ndani.